Muziki Usioandikwa Wote: Stockhausen, Riley na Misa ya Kamina

Tangu yapata mwaka wa 1955 imeonekana huko Ulaya na Amerika namna ya konserti isiyofanana na zile tulizofundishwa kuziheshimu. Wanamuziki wanne, ao sita, ao kumi na mmoja wanakaa mbele ya watu, na karatasi iliyo mbele yao haina kila kitu. Mtunzi ameandika sehemu moja. Sehemu nyingine inazaliwa papo hapo, wasikilizaji wakiwapo. Katika ndugu zetu mapadri wako wanaocheka na kusema ya kwamba ni mchezo wa watu walioshiba. Wako tena wengine, hasa wale waliorudi kutoka masomo ya ng'ambo, wanaosifu yote kwa sababu ni mapya. Hukumu hizi mbili zinatolewa mara nyingi na watu wasiosikiliza. Sisi tumezisikiliza sahani hizo, nyingine zaidi ya mara moja na pasipo furaha nyingi, na tunaona ya kwamba ndani yake mna shauri linalotuhusu sisi tunaofundisha watu kuimba kanisani: mwimbaji akipewa uhuru, uhuru huo unasimama juu ya nini?

Tuanze na Karlheinz Stockhausen, maana huyu ndiye anayemsumbua padri kuliko wengine. Alizaliwa mwaka wa 1928 karibu na mji wa Köln, akalelewa katika dini katolika. Mwaka wa 1956 alitoa kazi iitwayo Gesang der Jünglinge, ambamo sauti ya mtoto inachanganyika na sauti zilizotengenezwa kwa mashine; na maneno ya mtoto yule yametoka katika wimbo wa wale vijana watatu wa tanuru ya moto, yaani ile Benedicite tunayoisoma sisi katika Laudes. Katika miaka hiyo hiyo aliandika Klavierstück XI kwa ajili ya piano. Ni karatasi moja kubwa yenye vipande 19. Mpigaji anaanza pale jicho lake linapoangukia, kisha anakwenda po pote; kipande kimoja kikimrudia mara ya tatu, kazi imekwisha. Hapo mtunzi angali bwana wa kila nota, mpigaji anachagua njia tu.

Lakini katika mwezi wa Mei 1968, akiwa katika huzuni kubwa ya nyumba yake na akifunga chakula, aliandika kwa siku chache maandiko 15 ambayo hayana hata nota moja. Ndiyo yanayoitwa Aus den sieben Tagen. Katika moja anawaamuru wanamuziki wasifikiri neno lo lote, wangoje mpaka ndani yao pametulia kabisa, hapo ndipo waanze kupiga. Na mara wazo likiwaingia, waache, wautafute tena utulivu ule. Katika jingine, liitwalo Goldstaub, anadai zaidi: siku nne peke yao, katika kimya, pasipo chakula, na usingizi kidogo, kisha, usiku sana, wakutane pasipo kusemezana na kupiga sauti moja moja.

Msomaji aliyefanya mafungo ya kiroho atatambua mara moja nyumba ambamo vitu hivi vimechukuliwa. Kimya, kufunga, kukesha, kujikana: ni vyombo vya wamonaki, vimehamishwa katika ukumbi wa muziki. Tusiwacheke. Katika sahani zilizotengenezwa Darmstadt mwaka wa 1969 mna dakika nzuri kweli, ambapo sauti zinatoka katika kimya moja moja, kama mtu anayebisha hodi usiku akiogopa kuamsha watoto. Wanafunzi wetu wanaogonga kinanda toka mwanzo hata mwisho wa Misa, wasiwaachie watu nafasi ya kupumua, wangepata faida kuzisikia.

Hata hivi tunayo mashaka mawili. La kwanza: mtu akiondoa mawazo yote, kinabaki nini? Walimu wetu wa filosofia wangejibu: habitus. Mkono uliofundishwa miaka ishirini hausahau kwa siku nne. Ndiyo sababu, baada ya zile dakika nzuri, tunasikia ile ile mikwaruzo na vishindo ambavyo wanamuziki wale walikuwa wamevizoea katika kazi nyingine za Stockhausen mwenyewe. Yeye alikataa kuuita muziki huu wa kubuni papo hapo, akauita muziki wa intuisyoni, kana kwamba unashuka kutoka juu. Sisi tunasikia mazoea ya kikundi kimoja.

Shaka la pili ni zito zaidi. Inasemwa ya kwamba wapigaji ni huru. Lakini jina la mtunzi lililo juu ya kazi ni moja. Tena mara nyingi mtunzi huyo alikaa mbele ya mashine zake akiongeza na kupunguza sauti za wenzake. Wao wanafunga chakula, wao wanatafuta nota, na kazi inabaki mali yake. Si ajabu ubishi ukatokea kati yao juu ya mwenye kazi ni nani. Katika nyumba ya watawa, abati naye amefungwa na kanuni ambayo hakuiandika yeye. Hapa kanuni ni abati mwenyewe.

Mmarekani Terry Riley alishika njia nyingine. Kazi yake In C ilipigwa mara ya kwanza San Francisco mwaka wa 1964. Ina vipande vifupi 53, vyote katika ukurasa mmoja. Kila mtu anavipiga kwa utaratibu, toka cha kwanza hata cha mwisho, lakini kila kipande anakirudia mara nyingi ao chache kama apendavyo. Piano inagonga do ya juu pasipo kuacha, kusudi wote washike pigo moja. Idadi ya wapigaji haikuwekwa, vyombo havikuchaguliwa. Amri kubwa ni hii: sikiliza wenzako, usiwaache mbali, usibaki nyuma mbali. Ukijiona umetangulia, ngoja.

Wanaosema ya kwamba muziki huu ni maskini wana haki kidogo. Mtu mmoja akivipiga vile vipande peke yake, hakuna kitu. Utajiri wote unatoka katika kule kungojana. Na mwaka wa 2014 ilitolewa sahani ya In C iliyofanywa Bamako, nchi ya Mali, na wapiga kora, balafoni na vibuyu, pamoja na wageni wachache wa Ulaya. Kwetu ndiyo bora kupita ile ya Marekani ya mwaka wa 1968. Watu wale wa Mali walikuwa na kitu ambacho ukurasa wa Riley hauwezi kukitoa: walijua toka utoto namna ya kurudia neno moja pasipo kulichosha.

Hapo mawazo yetu yanarudi Katanga. Tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Kamina, iliimbwa ile Missa Luba ya vijana na walimu wao, walioongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Wengi wanadhani ilitungwa kwa kalamu. Sivyo. Wale waimbaji waliitafuta pamoja kwa midomo, juu ya nyimbo walizozijua: Sanctus imetokana na wimbo wa kuagana wa Waluba, na Hosanna inafuata mchezo wa Kasai. Maneno ya Kilatini hayakuguswa. Basi kilichowekwa imara kilikuwa mali ya wote: maneno ni ya Kanisa, nyimbo ni za wazee, na mwimbaji akatembea katikati kama mtu katika shamba la baba yake. Hakuhitaji siku nne za njaa kusudi asikie la kuimba. Mtakatifu Augustino, akieleza Zaburi ya 32, aliwasifu wavunaji ambao furaha inawafanya waache maneno na kuimba sauti tupu. Naye hakufikiri ya kwamba wavunaji wale wamesahau shamba.

Kwa hiyo twawaweka watu wa Kamina mbele ya Riley, na Riley mbele ya Stockhausen, ijapokuwa katika kimya Stockhausen anawapita wote wawili.

Lakini sahani ya Kamina nayo ilileta taabu yake. Baadaye nota zake zikachapwa, na kwaya za Ulaya na Amerika zikaishika kama kazi iliyokwisha. Huko tunaelewa, hawana njia nyingine. Ila kwaya iliyo kwetu, ikijifunza Kyrie kwa kuiga kila mzunguko wa sauti ya yule mwimbaji wa 1958, na mwalimu akimkemea kijana aliyeongeza mzunguko wake mwenyewe, tungependa kujua mwalimu huyo anamkemea kwa kosa gani.