Babu anavyolinoa sikio la mjukuu

Mpigaji wa taarabu hujengwa sikio kwanza, vidole baadaye. Ndivyo anavyoamini mpiga fidla mmoja mkongwe wa Unguja anayemfundisha mjukuu wake wa kike, na njia yake inastahili kuchambuliwa.

Kwanza, humwimbisha. Binti hagusi fidla mpaka aimbe kipande kizima kwa mdomo. Sababu ni ya kiufundi: shingo ya fidla haina vigawanyo kama vya gitaa, hivyo kidole hutua pale sikio linapokielekeza. Isitoshe, makamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti, ambazo taarabu ya Unguja ilizipata Misri zina sauti zisizopatikana kwenye kinanda cha kawaida. Katika makamu ya Rasti inayoanzia Do, Mi si ile kamili wala ile iliyoshushwa nusu toni, hukaa katikati. Aliyezoea kinanda hudhani mpigaji amekosea.

Pili, humtega. Hupiga kipande cha Rasti, kisha cha makamu nyingine, Bayati inayoanzia Re, na binti hutakiwa ataje ni ipi. Sauti nne za mwanzo za Bayati, yaani Re, ile Mi ya katikati, Fa na Sol, zote zimo ndani ya Rasti. Kwa hiyo kuzitambua noti hakutoshi. Lazima asikilize wimbo unatulia wapi.

Juzi binti alijibu bila kusita: "Babu, hii imetulia kwenye Re. Bayati." Kisha akauliza, "Mbona ile Mi umeishusha kidogo?"

Mzee akapiga paja. "Allah! Hebu sema tena, bibi yangu." Akamwita na mkewe jikoni aje asikie.

Furaha hiyo ina msingi. Wapigaji wazoefu huiweka Mi ya Bayati chini kidogo kuliko ya Rasti, ingawa kwenye karatasi zote mbili huandikwa kwa alama ileile. Babu hakuwahi kumwambia. Mtoto ameipata kwa kusikiliza tu.

Pengo limebaki moja: binti hasomi noti, na babu hana hamu ya karatasi. Lakini Unguja ina Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa 2002, inayofundisha pia nadharia ya muziki. Ampeleke bila wasiwasi. Sikio limeshatangulia, noti zitamfaa siku atakapoketi na kundi zima, na hazitamfundisha kusikia vibaya.