Bendera Isiyojua Kichwa wala Miguu

Igeuze bendera ya Thailand juu chini, haibadiliki. Itazame kwa upande wa nyuma, ni ile ile. Mtumishi wa ofisi anayeipandisha alfajiri akiwa nusu usingizini hana namna ya kukosea. Wapo wanaoiona kuwa bendera ya kawaida mno, mistari tu, lakini usahili huo ulitafutwa makusudi, na kabla ya kupatikana nchi ilipitia karibu karne nzima ya kuhangaika na tembo.

Zamani meli za Siam, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati huo, zilipeperusha kitambaa chekundu kitupu. Tatizo ni kwamba wekundu mtupu ulikuwa mali ya wengi baharini. Masultani wa Kimalayi waliutumia, na hata huku kwetu bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu isiyo na kitu. Siam ilipoanza kufanya biashara katika bandari ya Singapore, ilihitaji alama ya kuitofautisha. Mfalme wa kwanza wa ukoo wa Chakri alikuwa ameshaweka chakra nyeupe, ile silaha ya duara iliyo nembo ya ukoo wake, kwenye bendera za meli za kifalme. Rama II akamweka tembo mweupe ndani ya duara hilo. Kisha Mfalme Mongkut akaiondoa chakra na kumwacha tembo peke yake kwenye uwanja mwekundu, na huyo ndiye aliyewakilisha nchi mbele ya mataifa ya Ulaya.

Kwa maana, tembo alifaa sana. Kupatikana kwa tembo mweupe kulihesabiwa kuwa baraka ya utawala wa mfalme. Kwa fundi wa bendera alikuwa balaa. Tembo ana mkonga, pembe, mgongo na miguu minne, na hakatwi kwa mkasi mmoja. Ana upande pia, kwa kuwa alitakiwa aelekee mlingoti, hivyo upande wa nyuma wa kitambaa ulikuwa na hesabu yake. Zaidi ya hayo, anaweza kulazwa chali.

Hapo ndipo kinapoingia kisa kinachosimuliwa kuliko vyote. Mwaka 1916 Mfalme Vajiravudh, yaani Rama VI, alizuru Uthai Thani, mkoa uliokuwa umekumbwa na mafuriko. Wenyeji walipamba nyumba zao kumlaki, na mmoja wao akatundika bendera huku tembo akiwa miguu juu. Inasemekana mfalme alisononeka, akaazimia nchi ipate bendera isiyoweza kupinduliwa. Ni kisa kitamu, lakini hakitoshi kueleza yote. Gharama na ugumu wa kumchora mnyama huyo vilikuwa sababu tosha hata kama kila raia angekuwa makini. Watu wasio na uwezo wa kununua bendera yenye tembo walihitaji kitu ambacho wangeweza kukishona wenyewe.

Jawabu lilikuja kwa awamu mbili. Mnamo Novemba 1916 ilitangazwa bendera ya mistari mitano ya mlalo: mwekundu, mweupe, mwekundu mpana, mweupe, mwekundu. Hesabu yake ni nyepesi. Gawa kimo cha bendera katika mafungu sita, toa fungu moja kwa kila mstari wa pembeni na mawili kwa ule wa katikati. Vipande vitano, mishono minne iliyonyooka, basi. Yeyote mwenye cherehani angeweza.

Awamu ya pili haikugusa vipimo hata kidogo. Rangi moja tu ilibadilishwa. Tarehe 22 Julai 1917 Siam iliingia Vita Kuu ya Kwanza upande wa Washirika. Mwezi uliofuata makala katika gazeti la Bangkok Daily Mail, yenye saini ya jina la kubuni “Aquarius”, ilipendekeza mstari wa katikati uwe wa buluu, ili bendera ilingane kwa rangi na zile za Uingereza, Ufaransa na Marekani. Mfalme alilipenda wazo hilo akaliandika katika shajara yake. Buluu ilimfaa yeye binafsi vilevile: katika mila ya Siam kila siku ya juma ina rangi yake, naye alizaliwa Jumamosi, siku aliyoihusisha na rangi hiyo. Sheria ilitiwa saini tarehe 28 Septemba 1917. Miaka miwili baadaye wanajeshi wa Siam walipita na rangi hizo katika gwaride la ushindi mjini Paris.

Leo mtoto wa shule wa Thailand hufundishwa kwamba nyekundu ni damu ya taifa, nyeupe ni dini, buluu ni mfalme. Maana hiyo aliieneza Vajiravudh mwenyewe kwa utenzi. Lakini tazama mfuatano wa mambo: umbo lilitangulia kwa ajili ya urahisi, rangi ikafuata kwa ajili ya siasa za vita, na tafsiri ikapambwa juu yake. Hilo haliifanyi tafsiri kuwa ya uongo. Linaonyesha tu kuwa mfalme huyu, aliyekuwa pia mwandishi wa tamthilia, alijua kuipa kazi ya cherehani hadithi ya kuibeba.

Ufilipino ilichagua njia iliyo kinyume kabisa. Bendera yake, iliyoshonwa Hong Kong na kufunuliwa Kawit tarehe 12 Juni 1898, ina buluu juu na nyekundu chini wakati wa amani. Vita vikizuka, nyekundu hupanda juu. Kuigeuza ni tamko. Ndiyo maana mwaka 2010, katika mkutano wa viongozi wa Marekani na Asia ya Kusini-Mashariki uliofanyika New York, bendera hiyo ilipotundikwa nyekundu ikiwa juu, Marekani ililazimika kueleza kuwa ni kosa la bahati mbaya. Kwa Thailand kosa hilo haliwezekani.

Kilichobaki bila kufungwa kilikuwa rangi yenyewe, maana kila kiwanda kilikuwa na nyekundu yake na buluu yake. Serikali ya Thailand iliweka vipimo rasmi vya rangi hizo tatu mwaka 2017, bendera ilipotimiza miaka 100, na 28 Septemba sasa ni Siku ya Bendera ya Taifa.