Insha ya Maombi na Mizani ya Shairi

Ziko insha zisizochapishwa popote, ambazo husomwa na watu wawili watatu tu, na bado huamua maisha ya kijana. Ndizo wanazoziandika vijana wa Wete na Chake Chake waombao nafasi ng'ambo. Vyuo vya nchini hutazama zaidi matokeo ya mtihani. Vya ng'ambo hutaka pia mwombaji ajieleze, na maelezo yenyewe yamewekewa mpaka. Fomu ya pamoja ya vyuo vya Marekani, Common Application, imeruhusu maneno 650 tangu mwaka 2013, na yasipungue 250. UCAS ya Uingereza haihesabu maneno bali herufi pamoja na nafasi zake, jumla 4,000, ambazo kwa waingiao chuoni kuanzia 2026 zimegawiwa maswali matatu.

Kisiwa kilichowatoa Kamange na Sarahani hakingetarajiwa kubabaishwa na hesabu. Ubeti wa mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, ni mizani 64, basi. Lakini mazoea hayo ndiyo yanayopotosha. Mizani ya shairi ni kibaba kinachojazwa hadi ukingoni; mshororo ukipungua mizani moja, shairi ni guni. Maneno 650 ni dari, na hapana aulizwaye kwa nini kichwa chake hakikuigusa. Kijana aliyemaliza la kusema kwenye neno la 480 hutia mazida mpaka itimie, na msomaji huyaona mazida hayo upesi kuliko ayaonavyo katika shairi, kwani hapa hakuna kina cha kuyasitiri.

Dibaji nayo ni mtego. Mtunzi wa utenzi humhimidi Mola na kumsalia Mtume kabla ya kuingia kisani. Ana mamia ya beti mbele yake. Insha ya maombi huiga mwendo huo: kisiwa kilipo, ukarimu wa watu wake, shukrani kwa wazazi na walimu. Adabu njema, ila robo ya insha imekwisha na mwombaji mwenyewe hajatokea.

Ikizidi, kijana hukimbilia inkisari: huondoa neno hapa na neno pale, sentensi zikabaki mifupa mitupu. Dawa ni kuondoa jambo zima, na shida ni lipi. Mathalani, insha ina mambo matatu: ukiranja, mpira, na usiku wa kuchambua karafuu na bibi, mtoto akipiga hesabu ya pishi kichwani. Aghalabu huondolewa karafuu, kwa kuwa zinaonekana kazi ya kimaskini, ukabaki ukiranja ambao maelfu ya waombaji wanao. Huko ni kutupa karafuu na kuanika makonyo. (Makonyo nayo yana soko, kiwanda cha mafuta cha Wawi huyataka, lakini bei yake yajulikana.)

Lililo zito zaidi ni lugha. “Hatukuzianika” ni neno moja; kwa Kiingereza ni matano. Rasimu ya Kiswahili ya maneno 500 huweza kuivuka dari ikishafasiriwa, na mwandishi asijue alikosea wapi. Hesabu ya UCAS huipunguza tofauti hiyo, kwa kuwa neno refu hulipiwa urefu wake. Wapo wanaoshauri kijana aanze kwa Kiingereza moja kwa moja, auone mpaka mapema. Huuona kweli, lakini insha hujaa misemo ya kuazima, na sauti inayosikika humo si ya mtu wa Wete wala wa kwingineko. Bora rasimu ya kwanza iwe ya Kiswahili, isizidi maneno 350 tangu mwanzo, bibi akiwemo, kisha iandikwe upya kwa Kiingereza badala ya kufasiriwa neno kwa neno.