Ndege wa Belcourt si pepo: Tunapotafsiri bila kuuliza jina

Wiki jana mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliniletea kazi iliyomtoa jasho siku tatu. Ilikuwa makala kuhusu sanaa ya wenyeji asilia wa Kanada. Kila alipokutana na istilahi ya Kiingereza 'spirit animal' aliandika “mnyama pepo”. Makala ilipofika kwenye picha za ndege wanaoimba, akawa na “ndege pepo waimbaji”. Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaniuliza, “Sasa Mwalimu, wewe ungeandikaje?” Kicheko changu kikakatikia hapo.

Hebu tulitazame tatizo lake. Katika Kiswahili, pepo humpanda mtu, naye hupungwa kwa ngoma na ubani. Shetani hulaaniwa. Mzimu hutambikiwa ama huogopwa. Ukisema “mnyama wa roho”, msomaji atakumbuka roho mbaya, roho juu au Roho Mtakatifu, kutegemea alikolelewa. Hakuna hata moja kati ya haya lililomo kwenye picha. Hiyo ndiyo hatari ya tafsiri sisisi: maneno yanafika salama, lakini yamebeba mzigo wa mtu mwingine.

Picha yenyewe iliyozungumziwa ni ya Christi Belcourt, msanii wa jamii ya Métis aliyezaliwa Ontario mwaka 1966. Inaitwa The Wisdom of the Universe, yaani Hekima ya Ulimwengu. Aliichora mwaka 2014, nayo imo katika jumba la sanaa la Ontario jijini Toronto. Belcourt hachori kwa kupaka rangi kama ukuta. Anadonoa kitone kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu, akiiga ushanga ambao wanawake wa Kimétis waliutunga juu ya ngozi na nguo tangu zamani. Anayejua kazi ya shanga za akina mama wa Kimaasai ataelewa upesi uvumilivu unaohitajika. Katika picha zake mizizi haifichwi chini ya udongo. Inaonekana sawa na ua, kana kwamba anasema lililofichika nalo lina haki ya kutazamwa. Juu ya mashina hayo wametua ndege, vipepeo na nyuki.

Je, hao ndege ni pepo? La hasha. Ni ndege hasa, wenye majina. Mmoja ni yule anayeitwa Cerulean Warbler, ambaye dume lake ni la samawati mgongoni na jeupe tumboni. Mwingine ni Acadian Flycatcher. Wote wawili wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka Ontario, orodha yenye zaidi ya spishi 200 za mimea na wanyama. Belcourt aliwachagua kwa sababu hiyo. Basi anayewaita “wanyama wa roho” na kuishia hapo amewafuta mara mbili: amewaondoa msituni, kisha akawanyang'anya jina.

Istilahi hiyo ya Kiingereza nayo ina lake. Siku hizi mtu hujibu maswali kumi kwenye simu, akaambiwa mnyama wake ni bundi ama mbwa mwitu, kama anayechagua fulana. Kwa Waanishinaabe, ambao lugha yao ndiyo iliyowapa Waingereza neno 'totem', mambo hayako hivyo. Doodem ni ukoo. Huichagui, unazaliwa ndani yake, na inakudai wajibu. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Wakalenjin wana tiondo, mnyama wa kila ukoo. Baganda wana muziro, na miongoni mwa koo zao umo ukoo wa korongo na ukoo wa yangeyange. Mganda hali muziro wake. Na Kiswahili kina neno mzio, kile mtu alichokatazwa na mila au na mwili wake, ingawa leo tumelipeleka hospitalini likabaki huko.

Kiswahili kina hazina nyingine ambayo mwanafunzi wangu aliiruka. Ndege mwema ni kiumbe mwenye mbawa. Ndege njema ni ishara ya heri, nayo ndege mbaya ni ishara ya kisirani. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha: ngeli ya A-WA kwa kiumbe, ya I-ZI kwa ishara. Waliotutangulia waliona kwamba kiumbe anaweza kuwa na maana bila kugeuzwa pepo. Waliweka mambo mawili katika neno moja, wakayatofautisha kwa kiambishi tu.

Nisimsifu Belcourt kupita kiasi. Picha yake ni tamu mno, na utamu huo ni udhaifu. Asiyejua majina ya ndege wale ataona maua mazuri basi, na ataondoka ametulia ilhali alipaswa kushtuka. Si ajabu kwamba picha yake nyingine, Water Song, ilitumiwa na Valentino, kwa ridhaa yake mwenyewe, kupamba nguo za mwaka 2016. Vitone vilipendeza kwenye nguo. Ila nguo haisemi ni ndege gani anayetoweka. Kazi hii hukamilika pale tu mtazamaji anapoambiwa majina, na majina ni kazi ya lugha.

Hapo ndipo swali linapotugeukia sisi. Kilifi kuna ndege mdogo wa jamii ya mnana, mwenye manjano na weusi, asiyepatikana popote pengine duniani ila katika misitu ya kaunti hiyo. Viota vyake viligunduliwa na wanasayansi mwaka 2013 tu, huko Dakatcha. Waingereza humwita Clarke's Weaver. Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne amtajie ndege huyo kwa Kiswahili. Atakwambia “ndege wa manjano”. Muulize kurumbiza, chiriku au tiva, atakutazama tu. Msanii wetu akimchora leo, sisi wahakiki tutamwita nani?

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: ukoo uuite ukoo, ishara uiite ishara, na doodem uiache doodem kisha uieleze kwa sentensi moja. Lakini kabla ya yote, tafuta jina la ndege. Alirudi siku ya pili na orodha ya majina kumi na mawili aliyoyapata kwa nyanya yake huko Malindi. Manne kati ya hayo sikuwa nimewahi kuyasikia.