Epijenetiki si ‘mabadiliko ya jeni’
Wapo wanaotafsiri epijenetiki kuwa ‘mabadiliko ya jeni’. Sikubaliani nao. Chukua neno barabara. Herufi ni zile zile, lakini ukihamisha mkazo, njia inageuka kuwa ‘sawasawa’. Ndivyo ilivyo katika seli: herufi za DNA hubaki vilevile, ila alama za methili zilizobandikwa juu yake husaidia kuamua jeni ipi isomwe, ipi inyamaze. Seli inapogawanyika, kimeng’enya DNMT1 hunakili alama za uzi wa zamani kwenye uzi mpya. Ndiyo maana seli ya ini huzaa seli ya ini. Kosa hili la tafsiri si dogo, jamani. Alama hufutika, zipo dawa za saratani ya damu zinazozifuta. Tuseme ‘alama za jeni’. Au mwasemaje?