Wanaopima Figo Kabla ya Kisu

Sifa za upandikizaji wa figo huenda kwa daktari mpasuaji. Mimi nawapongeza wanaomtangulia: wanaopima kama figo ya ndugu inafaa kutolewa, na kama ndugu huyo atabaki salama na figo moja.

Tangu Novemba 2017 Muhimbili, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Watanzania wanapandikizwa figo nchini mwao. Anayetoa ni mtu hai, ndugu wa mgonjwa. Kwa familia ya Musoma, Bunda au Butiama hiyo ni safari ndefu, na kaka aliyejitolea hutamani kuambiwa neno moja tu: unafaa.

Wapimaji hawalitoi neno hilo haraka. Huanza na kundi la damu, kisha tishu, kisha damu ya mtoaji na ya mgonjwa hukutanishwa maabara kuona kama kinga ya mgonjwa itaishambulia figo mpya. Hupimwa protini kwenye mkojo, presha, sukari, homa ya ini, virusi vya UKIMWI. Na kwa aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria, kichocho nacho ni cha kuuliziwa. Picha za CT huonyesha mishipa. Figo moja ikiwa dhaifu kidogo kuliko mwenzake, hiyo ndiyo hutolewa. Iliyo bora humbakia mwenyewe. Hapo nawavulia kofia.

Kisha mtoaji huulizwa faraghani, bila baba mdogo wala shangazi: umeshinikizwa? Umeahidiwa fedha? Akijiondoa, vituo vingi duniani huwaambia ndugu kwamba hafai tu, basi.