Bakuli Moja la Kahawa, Mara Nne

Rangi za mafuta humsamehe mchoraji: akikosea, hufunika kosa kwa tabaka jingine. Rangi za maji hupitisha mwanga, na kosa la chini huonekana juu. Dawa yake ni kuanza upya. Ndivyo nilivyofanya hapa Tunduma msimu wa mavuno, na bakuli jeupe la bati lililojaa matunda mabivu ya kahawa ya Mbozi, juu ya kitenge cha buluu kando ya dirisha.

Nilijiwekea masharti mawili. Kwanza, mchoro wa penseli uwe uleule. Kila karatasi mpya niliibandika kwenye kioo cha dirisha juu ya ile ya awali, nikafuatisha mistari. Pili, kila jaribio libadilishe jambo moja tu, ili nijue kilichosaidia. Kahawa yenyewe nilikuwa nikiibadilisha, maana ikishachumwa ngozi hunywea na wekundu hugeuka weusi.

Jaribio la kwanza lilitoa shanga, si matunda. Kila tunda nililipaka wekundu uleule, kivuli nikakitia nyeusi, kisha nukta za mng'ao nikazidondoshea rangi nyeupe. Nyeusi iliua wekundu.

La pili lilibadilisha kivuli. Nilichanganya nyekundu na kijani kidogo, nikapata damu ya mzee, nikaikoleza kuliko jicho lilivyotaka, kwa sababu rangi ya maji ikikauka hufifia. Hapo matunda yakaviringika. Lakini zile nukta nyeupe zilikaa juu yake kama vumbi.

La tatu lilishughulikia mwanga. Weupe wa rangi za maji ni karatasi yenyewe. Kwa hiyo niliamua mapema mahali ambapo brashi haitagusa: nukta moja katika kila tunda linaloelekea dirishani, na ukingo wa bakuli. Mchoraji Paul Cézanne, aliyefariki mwaka 1906, aliacha sehemu kubwa za karatasi tupu katika picha zake za rangi za maji za miaka ya mwisho, na utupu huo ndio unaong'aa.

Kilichobaki ni kivuli cha bakuli juu ya kitenge. Kiangazi hewa ya nyanda hizi ni kavu, rangi hukauka brashi ikiwa bado njiani na kuacha mstari mkali. Nikirudi na maji, doa huchanua kama koliflawa. Katika jaribio la nne nililowesha sehemu hiyo kwa maji safi, nikangoja mng'ao wake upungue, nikaweka rangi mara moja na kuondoa mkono. Ukingo ulilainika, bakuli likakaa mezani.

Nikizipanga karatasi nne ukutani, naweza kutaja sababu ya kila hatua. Maua ya kitenge bado yanashindana na kahawa. Karatasi ya tano nimeshaifuatisha dirishani.